Damu Iliyozoea Malaria: Kinga ya Asili, Mipaka Yake, na Wajibu Wetu wa Kukata Maambukizi

Mazungumzo na wananchi na wauzaji wa maduka ya dawa muhimu, mkoani Singida



Tumeombwa kuzungumza juu ya dawa za malaria na namna ya kuzinunua kwa busara. Tungeweza kuanza na bei, lebo na tarehe ya mwisho wa matumizi, na huko tutafika. Lakini tumeona tuanze na maneno ambayo kila muuzaji wa dawa aliyeketi hapa amewahi kuyasikia dirishani pake: “Mimi malaria nimeizoea. Nipe vidonge vichache tu vya kunisogeza.”

Maneno hayo yana ukweli ndani yake, na ukweli huo ndio unaoyafanya yawe ya hatari. Ni kweli kwamba mwili wa binadamu unaweza kujifunza kupambana na malaria. Tunachoomba mkichukue mnapoondoka hapa ni kufahamu somo hilo hupatikana kwa gharama gani, humlinda nani, na ni kwa nini mtu wa Singida hapaswi kulitegemea.

Namna mwili unavyojifunza

Mbu jike wa jamii ya anofelesi aliyebeba vimelea anapomuuma mtu, vimelea hivyo huingia katika damu na kwa muda mfupi hufika katika ini. Huko hukaa takribani wiki moja vikizaliana kimyakimya, bila homa wala maumivu. Kisha hutoka na kuvamia chembe nyekundu za damu. Kila baada ya saa 48 hivi chembe zilizovamiwa hupasuka, vimelea vipya humwagika katika damu, na hapo ndipo baridi na homa humshika mgonjwa. Kimelea kinachosababisha karibu malaria yote nchini mwetu huitwa Plasmodium falciparum, nacho ndicho kikali kuliko vyote.

Mwili nao haukai bure. Kila pambano huuachia kumbukumbu, na kumbukumbu hiyo hubebwa na kingamwili, yaani protini ndogo zinazozunguka katika damu na kumnasa adui ambaye mwili umekwisha kumfahamu. Ugumu wa malaria ni kwamba kimelea hubadilisha vazi lake mara kwa mara. Kingamwili zilizoundwa dhidi ya vazi la jana hazimtambui aliyevaa la leo. Kwa hiyo kinga ya malaria haipatikani kwa kuugua mara moja, kama inavyopatikana kwa surua. Huhitaji mapambano mengi, mwaka baada ya mwaka.

Jambo hili lilianza kuonekana zamani. Mwanasayansi wa Kijerumani, Robert Koch, alifika katika nchi yetu kati ya mwaka 1897 na 1898, na baadaye akaendelea na uchunguzi wake wa malaria huko Java na New Guinea. Aliona kwamba katika vijiji vyenye malaria nyingi damu ya watoto wadogo ilijaa vimelea, ilhali watu wazima wa vijiji hivyohivyo walikuwa navyo kwa uchache. Mwaka 1961 watafiti waliofanya kazi Gambia, akiwamo Ian McGregor, walichukua kingamwili kutoka katika damu ya watu wazima waliokulia humo, wakawapa watoto waliokuwa wakiugua. Vimelea katika damu ya watoto hao vilipungua. Ikawa wazi kwamba kinga hiyo ipo, na kwamba hukaa katika damu.

Nchi yetu nayo imechangia elimu hii. Huko Muheza, mkoani Tanga, watafiti waliwafuatilia watoto tangu kuzaliwa. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014, walieleza juu ya kingamwili zinazokizuia kimelea kutoka ndani ya chembe ya damu, mfano wa mlango uliotiwa komeo kwa nje. Katika vipindi ambavyo mtoto alikuwa na kingamwili hizo, hakupatikana na malaria kali. Mwaka 2020 watafiti haohao walieleza juu ya kingamwili nyingine, ambazo hukifanya kimelea kijiangamize kikiwa bado ndani ya chembe. Leo kingamwili za watoto wa Muheza zinachunguzwa kama njia ya kutengenezea chanjo mpya.

Gharama ya kinga hiyo

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Tuulize basi kinga hii huundwa kwa gharama gani.

Katika maeneo yenye malaria nyingi mtoto mchanga huzaliwa na kingamwili alizopewa na mama yake, nazo humlinda kwa miezi michache ya mwanzo. Zikiisha, hubaki peke yake. Akinusurika, baada ya miaka kadhaa hupata kwanza ulinzi dhidi ya malaria kali, ile inayoleta degedege, upungufu mkubwa wa damu na kupoteza fahamu. Baadaye, anapokaribia ujana, hupata ulinzi dhidi ya homa yenyewe. Ulinzi wa kuzuia vimelea visiingie kabisa katika damu yake hapati kwa ukamilifu, hata akizeeka.

Anayesema ameizoea malaria, basi, ni yule aliyebahatika kuvuka. Wale ambao hawakuvuka, ambao wengi wao hawakufikisha miaka mitano, hawapo dirishani kutoa ushahidi wao.

Tena kinga hii hupungua. Mtu akihama kutoka eneo lenye malaria nyingi na kuishi miaka kadhaa mahali palipo na malaria kidogo, ulinzi wake dhidi ya homa hufifia. Kwa mjamzito hali ni tofauti zaidi, kwa sababu ana kiungo kipya ambacho mwili wake haujawahi kukilinda. Mwaka 1996 Michal Fried na Patrick Duffy, kutokana na utafiti wao wa Kisumu nchini Kenya, walionyesha kwamba baadhi ya vimelea hujinatisha katika kondo la nyuma. Mwanamke anayebeba mimba ya kwanza hana kingamwili dhidi ya vimelea vya namna hiyo hata kama amekulia penye malaria. Mtoto wake anaweza kuzaliwa na uzito mdogo, na yeye mwenyewe kupungukiwa na damu, bila kuona homa yoyote.

Ipo pia kinga ya kurithi. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alichapisha ushahidi kwamba mtu aliyerithi chembechembe ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu hulindwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali. Lakini aliyerithi kutoka kwa wazazi wote wawili huugua selimundu, na kwake malaria ni hatari kubwa. Tunalisema hili kwa sababu wapo wazazi waliosikia kwamba “selimundu hukinga malaria” wakaacha kumlinda mtoto anayeugua. Mtoto huyo anahitaji ulinzi kuliko wenzake wote.

Singida na kinga iliyo nyembamba

Sasa tuutazame mkoa wetu. Singida ni nchi ya uwanda wa juu. Mji wenyewe uko takribani meta 1,500 juu ya usawa wa bahari, mvua ni ya msimu mmoja, na miezi mingi ni ya ukame. Mbu hukosa mazalia, na kimelea kilicho ndani ya mbu hukomaa polepole penye baridi. Kwa sababu hizo mkoa wetu umo katika mikoa ya kati ambayo maambukizi yake ni madogo, ukilinganishwa na Tabora, majirani zetu wa magharibi, au Kigoma, Geita na Kagera. Hii ni neema, nasi tunaishukuru.

Lakini neema hiyo ina upande wa pili. Mtoto aliyezaliwa na kukulia hapa hajapambana na malaria mara nyingi, kwa hiyo damu yake haijajifunza. Baba yake vilevile anaweza kuwa na kinga ndogo kuliko anavyodhani. Kijana anayeondoka baada ya mavuno kwenda kutafuta riziki katika machimbo ya Geita au mashamba ya Tabora huingia katika nchi ya mbu akiwa mgeni kabisa wa ugonjwa huo, ingawa ni Mtanzania na ingawa amesikia habari za malaria tangu utotoni. Maneno ya “nimeizoea” aliyoyasikia kwa mwenzake aliyezaliwa Kigoma hayamhusu yeye.

Na kijana huyo hurudi. Wengi hurejea nyumbani mwishoni mwa mwaka, wakati uleule mvua inapoanza, malambo yanapojaa, na maji yanapotuama katika mabonde kama la Wembere. Vimelea huja na abiria, na mbu wa kuvipokea wapo tayari.

Swali la kama ni hekima kuwaondolea watu malaria, na kinga yao pamoja nayo, si geni katika Afrika Mashariki. Mwaka 1950, katika mkutano wa malaria uliofanyika Kampala, wataalamu walilijadili kwa ukali. Dkt. Bagster Wilson, aliyefanya utafiti wa malaria Tanganyika kwa miaka mingi, alikuwa miongoni mwa walioonya kwamba juhudi za nusunusu zingewapokonya watu wazima kinga yao na kuwaacha wazi kwa milipuko. Mkutano uliamua kwamba malaria idhibitiwe popote ilipo. Baadaye, katika mradi wa Pare na Taveta, nyumba zilipuliziwa dawa ya kuua mbu kuanzia mwaka 1955 hadi 1959, na vifo vya watoto wachanga vikapungua sana. Huko Zanzibar kampeni ya kutokomeza malaria ilifanikiwa mno, kisha ikasitishwa mwaka 1968, na katika miaka iliyofuata ugonjwa ukarudi.

Sisi tunajifunza mawili katika historia hiyo. Uamuzi wa Kampala ulikuwa sahihi, kwani hakuna kinga inayostahili kununuliwa kwa maisha ya watoto. Na onyo la Wilson lilikuwa na uzito, kwani jamii iliyopunguza malaria haina ruhusa ya kulegea. Singida leo ni jamii ya namna hiyo.

Mtu mzima wa afya anayeambukiza

Tumefika katika jambo ambalo watu wengi hawalifahamu. Miongoni mwa vimelea vilivyo katika damu, vichache huacha kuzaliana na kugeuka kuwa vya kiume na vya kike. Hivi havimletei mtu homa. Huchukua takribani siku 10 hadi 12 kukomaa, kisha kazi yake ni kumngoja mbu. Mbu akivinyonya, dume na jike hukutana ndani ya tumbo lake, na baada ya wiki mbili hivi, ikiwa hali ya hewa ni ya joto, mate ya mbu huyo huwa na vimelea vya kumwambukiza mtu mwingine.

Tafakarini maana yake. Mtu mwenye kinga, ambaye haoni homa, anaweza kutembea na vimelea hivyo kwa wiki nyingi. Yeye hulala salama, na mbu aliyemuuma humwendea mtoto wa jirani. Kinga yake ni mali yake binafsi, na madhara huwaangukia wengine.

Ni kweli kwamba baadhi ya watu hujenga pia kingamwili dhidi ya vimelea hivyo vya kiume na vya kike. Mbu anaponyonya damu yao hunyonya na kingamwili hizo, nazo huendelea na kazi ndani ya tumbo lake na kuzuia dume na jike wasikutane. Wanasayansi wanatafuta chanjo itakayofanya kazi hiyo, chanjo ambayo ulinzi wake wa kwanza utakuwa kwa jirani wa aliyechanjwa. Lakini bado haijafika katika matumizi ya kawaida. Chanjo mbili ambazo Shirika la Afya Duniani lilizipendekeza kwa watoto, RTS,S mwaka 2021 na R21 mwaka 2023, hukishambulia kimelea kabla hakijastawi katika ini. Zote mbili zilifanyiwa majaribio Bagamoyo pamoja na sehemu nyingine za Afrika. Hupunguza ugonjwa wala haziuondoi wote, na aliyechanjwa bado anahitaji chandarua.

Kwa hiyo, hadi sasa, maambukizi hukatwa kwa mikono yetu: kipimo, dozi kamili na chandarua.

Dirishani pa dawa

Ndugu wanunuzi na wauzaji, tunashauri yafuatayo.

Kwanza, pima kabla ya kununua. Kipimo cha haraka huhitaji tone moja la damu ya kidoleni, na jibu hupatikana ndani ya nusu saa. Si kila homa ni malaria, na katika mkoa wenye malaria kidogo kama wetu neno hilo lina uzito zaidi. Anayemeza dawa ya malaria kwa ajili ya nimonia anaipa nimonia muda wa kumdhuru. Fahamu pia kwamba kipimo hicho kinaweza kuendelea kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya kupona. Mweleze mpimaji kama umetumia dawa siku za karibuni.

Pili, nunua dozi kamili na uimalize. Dawa mseto ya ALu kwa mtu mzima ni vidonge 24: vinne kwa kila mkupuo, mikupuo sita ndani ya siku tatu. Mkupuo wa pili humezwa saa 8 baada ya wa kwanza, na iliyobaki asubuhi na jioni. Dozi ya mtoto hutegemea uzito wake. Imeze pamoja na chakula chenye mafuta kidogo ili iingie vizuri mwilini. Katika mkoa wa alizeti hatuna udhuru wa kukosa mafuta.

Hapa turudi kwa yule mteja wetu anayetaka vidonge vichache. Mtu mwenye kinga akimeza nusu dozi anaweza kupata nafuu, kwa sababu mwili wake umesaidia kuimaliza kazi. Naye husifu nusu dozi, humshauri jirani, na jirani humpa mtoto wake asiye na kinga yoyote. Dawa hupunguza vimelea kwa siku mbili, homa hutulia, kisha ugonjwa hurudi kwa nguvu. Nusu dozi husaidia pia kulea vimelea sugu. Mwaka 2001 taifa liliacha kuitegemea klorokwini kwa sababu hiyo ya usugu, na mwaka 2006 likahama kutoka SP kwenda dawa mseto. Sasa vimelea vyenye usugu wa kiasi dhidi ya artemisinini, ambayo ni nguzo ya dawa mseto, vimekwisha kuthibitishwa mkoani Kagera. Hatuna akiba kubwa ya dawa za kukimbilia.

Tatu, kagua unachonunua. Nunua katika duka lenye kibali, usinunue mnadani wala ndani ya basi. Tazama kama pakiti haijafunguliwa, kama jina la dawa na la mtengenezaji yanasomeka, na kama tarehe ya mwisho wa matumizi haijapita. Dai risiti na uitunze. Ukiitilia shaka dawa, usiitupe: irudishe pamoja na pakiti yake na utoe taarifa kwa mfamasia wa wilaya.

Nne, usinunue kinga katika chupa. Hakuna kidonge, unga wala maji ya mizizi yanayoweza kumpa mtu kinga ile inayojengwa kwa miaka mingi. Anayedai kukuuzia hiyo anakuuzia maneno.

Tano, lala ndani ya chandarua chenye dawa hata baada ya kutibiwa. Dawa mseto huua haraka vimelea vinavyoleta homa, lakini vile vya kiume na vya kike vilivyokwisha kukomaa vinaweza kubaki kwa siku kadhaa zaidi. Aliyepona jana bado anaweza kumwambukiza mbu leo. Na aliyerudi kutoka safarini katika mikoa yenye malaria nyingi apime mara tu anapohisi homa, na aseme alikotoka.

Sita, mjamzito ahudhurie kliniki mapema na ameze SP anayopewa hapo, hata kama anajisikia mzima. Na mtoto mwenye homa akipatwa na degedege, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, au akilegea na kupoteza fahamu, asipelekwe dukani. Apelekwe kituo cha afya au hospitali saa ileile, usiku au mchana.

Kwenu wauzaji tuna ombi moja mahususi. Mteja akisema ameizoea malaria, msibishane naye, wala msimkatie nusu dozi. Mwambieni: “Huenda wewe umeizoea, mzee wangu, lakini mwanao na wa jirani hawajaizoea.” Kisha mwelekezeni kwenye kipimo.

Singida imefika mahali ambapo watoto wengi wanaweza kukua bila kuijua malaria. Watoto hao hawana kinga ndani ya damu zao, na hatutamani waipate kwa njia waliyoipata babu zao. Kinga yao ni sisi: baba anayepima baada ya safari, mama anayechomeka chandarua kila jioni, muuzaji anayekataa kuuza nusu dozi. Tukiilinda hiyo, hatutawadai watoto wetu gharama ya kuizoea.